Wametia Simiti Ndani ya Pawa Saplai kwa Jina la Mume Wangu

Kwako Shangazi Kabale,

Habari ya kazi. Mimi si mtu wa kuandikia magazeti na sijui kama naanza vizuri, lakini nina hasira ambayo haijapata mahali pa kukaa, na jirani zangu hapa Kiwanjani wamechoka kunisikiliza, kwa hivyo naomba unisikilize wewe, halafu uniambie nifanye nini kabla ya Jumamosi ijayo.

Mume wangu Elijah alikufa mwaka jana mwezi wa sita, ugonjwa wa figo, na alikuwa fundi wa kompyuta hapa mjini miaka kumi na minne. Hakuwa anauza zile zinazokuja zimeshaundwa ndani ya katoni, alikuwa anaunda mwenyewe, anaagiza kipande hiki na kile, anavitandaza juu ya meza yetu ya chakula mpaka tunakula tukiwa tumeweka sahani kwa magoti, na mpaka leo nikifagia chini ya kabati napata skrubu ndogo nyeusi, siwezi kuitupa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi na Elijah alikua akimfuata sokoni, kwa hivyo hata kompyuta aliziongea kwa lugha ya mbuzi. Kuna lile sanduku la bati linalokaa ndani ya kompyuta upande wa nyuma, lenye feni, linalopokea stima ya ukutani na kuigawia sehemu zote zingine, mafundi wanaliita pawa saplai. Mteja akiuliza anunue gani, Elijah alikuwa anampa mbili, moja mkono wa kulia na moja wa kushoto, anamwambia, "Pima kama mbuzi. Nyepesi, rudisha." Alisema zile nyepesi zimepunguzwa shaba na vyuma ndani, kilichobaki ni lebo tu. Maneno hayo yalienea, hata watu ambao hawajui kuwasha kompyuta walijua kwamba pawa saplai inapimwa kwa mkono.

Yeye mwenyewe, kabla ya kuliweka sanduku kwa mashine ya mtu, alikuwa analifunga kwa balbu nne za gari na kuliacha linaziwasha kuanzia saa sita hadi saa tisa, saa ile mabati yetu yanawaka moto, kisha analigusa kwa mgongo wa mkono, ananusa mahali feni inatolea hewa, anapima waya moja moja na ile mita yake ya manjano. Mimi nilikuwa nalalamika kwamba balbu zinaongeza joto ndani ya nyumba, na yeye alikuwa anasema, "Vumilia kidogo, Mama Akolong, huyu bado anafanya mtihani." Nayaandika haya yote kwa sababu nikiyaacha yatapotea, unisamehe.

Sasa kuna huyu nitakayemwita Apua, alifanya kazi na mume wangu miaka tisa, tulikula naye, ndiye aliyesimama mbele kubeba jeneza, na Elijah alipokufa yeye ndiye alibaki na duka. Akaweka picha ya Elijah ukutani, akamwita mchoraji akaandika PIMA KAMA MBUZI kwa herufi nyekundu juu ya mlango, na mimi nilipoona nilifurahi, nilisema kumbe bado anakumbukwa. Mwezi wa pili mwaka huu pawa saplai ya kompyuta yangu ilichoka, hiyo ni ile kompyuta Elijah aliniundia ya kuchapia watu barua na fomu, ndiyo ninayolishia watoto, na Apua akaja mwenyewe na sanduku jipya, akaniwekea mikononi, akasema, "Shika, shemeji." Lilikuwa zito. Nikamwambia Mungu akubariki.

Halikumaliza miezi mitatu. Stima ilipotea mchana, ikarudi na nguvu kama kawaida yetu hapa, nikasikia kitu kimepasuka kama kifuniko cha sufuria kimeanguka, moshi ukatoka, nikang'oa waya ukutani. Sanduku limekufa, na limekufa pamoja na bodi kubwa na diski, na ndani ya diski ile kulikuwa na orodha ya Elijah ya kila kompyuta aliyowahi kuunda, mia mbili na kitu, na mbele ya kila moja jina la mwenyewe na neno moja la kumkumbuka, kama "anapenda sauti kubwa," au "mwalimu, anaogopa kugusa mausi," au "usimwekee taa za rangi, ana watoto wadogo hawatalala." Nilikuwa nasoma kidogo kidogo. Sikuwa nimefika hata katikati.

Elijah alinionya sanduku hilo halifunguliwi siku hiyo hiyo, linabaki na stima ndani hata ukiling'oa, kwa hivyo nililiacha pembeni siku tatu, halafu nikachukua bisibisi yake nikafungua. Shangazi, ndani kulikuwa na simiti. Bonge la simiti kama nusu ya mkate, limefungwa kwa kipande cha gunia la nailoni ili lisigongegonge, limebandikwa kwa gundi, na pembeni yake vitu vichache vidogo kama vya redio. Pale Elijah alinionyesha ndipo panakaa vifaa vya kukata stima ikizidi, palikuwa na matundu matupu. Tena simiti yenyewe haikutoka ng'ambo, kwa sababu ina mchanga wa lugga, ule mto wetu mkavu, mchanga wenye vimeta vyeusi, huo mchanga naujua, ndio tulipigia plasta nyumba hii.

Nikaweka sanduku kwa mfuko nikaenda dukani.

"Ejok, shemeji," akanisalimia. "Umeniletea nini leo?"

"Nimekuletea mbuzi yako. Imekufa."

Akacheka, akaangalia ndani ya mfuko, akaacha kucheka. "Nani alifungua?"

"Ni mimi."

"Siku hizi wewe ni fundi?"

"Apua, hii ni simiti."

"Hiyo ni ya kushikilia vitu visitingishike."

"Vitu gani? Ndani hakuna vitu."

Akaongeza sauti ya redio ili mteja wa nje asisikie, akainama kwa kaunta. "Sikiza, shemeji. Mtu akiingia hapa haulizi wati, haulizi imetengenezwa na nani. Anabeba, anatingisha kichwa, anasema hii ni nyepesi. Nikileta nzuri na iwe nyepesi kidogo, anakataa. Nani aliwafundisha hivyo? Si bwanako? Mji unataka uzito, mimi nimewapa uzito."

"Na zile kompyuta kumi ulizoiundia shule?"

"Za shule ni mzigo ule ule. Wewe Jumamosi vaa vizuri, simama, sema maneno mawili, kaa. Ukianza simiti, simiti, ujue unaambia watu Elijah aliwadanganya miaka hiyo yote."

Nilirudi nyumbani nimebeba mfuko wangu.

Hiyo shule ndiyo inayonikosesha usingizi. Iko Ngaremara, na wazazi wamechanga mbuzi, mwaka huu ambao mvua haikunyesha, ili watoto wa gredi ya saba na ya nane wapate kompyuta kumi, na Apua ndiye ameziunda, na chumba kitaitwa jina la Elijah, kibao kimeshachorwa. Jumamosi ijayo zinawashwa zote kumi mara moja na mimi nimeitwa nikate utepe na niseme machache kama mjane. Mbuzi za wale wazazi hazikuwa na simiti tumboni. Zilishikwa mgongo, zikaangaliwa meno, zikakubaliwa. Nikifikiria hivyo nataka kupiga kelele, na mimi, uliza yeyote, sijawahi kumpigia hata kuku kelele.

Lakini Apua amenishika pabaya. Nikisimama niseme uzito ni uongo, mtu wa kwanza kuumbuka ni Elijah, kwa sababu maneno ni yake, yako juu ya mlango na picha yake chini. Hana mdomo wa kujieleza. Kaka yake Elijah ameniambia ninyamaze, kwamba kompyuta zikiharibika zitaharibika baadaye na hakuna atakayemlaumu marehemu. Wiki tatu sasa sijui niseme au ninyamaze. Nikinyamaza nalinda jina, lakini nalilinda na nini?

Naomba unijibu hata kama ni kwa ukali.

Mama Akolong, Kiwanjani

—

MSHAURI ANAJIBU

Mama Akolong, pole kwa Elijah, na pole kwa ile orodha. Umeomba ukali, na utaupata, lakini kwanza nikuambie kwamba barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama.

Jibu hili nimekutumia kwa simu Jumanne, kwa sababu gazeti linatoka Jumapili na mashine zinawashwa Jumamosi. Ninalichapisha hata hivyo, kwa ajili ya wengine wenye masanduku kama hayo majumbani mwao. Majina nimebadilisha.

Sasa ukali. Wiki tatu umekaa na bonge la simiti ndani ya nyumba ukijiuliza habari ya jina. Katika barua nzima umeuliza kitakachompata Elijah, ambaye hapatwi tena na kitu, na hukuuliza hata mara moja kitakachowapata watoto walioketi mbele ya mashine kumi siku stima itakaporudi na nguvu. Wewe uliona moshi kwa macho yako. Ulikuwa mtu mzima, umeketi karibu na soketi, na ulijua kung'oa waya. Mtoto wa gredi ya saba atang'oa nini? Nakuambia hivi nikijua una moyo mpole. Upole wako safari hii umemsaidia mtu mmoja tu, naye ni Apua.

Mimi si fundi, kwa hivyo nilimpigia anayejua. Habon anaunda kompyuta hapa mjini, amezifanya miaka kumi na moja, na nilipomuuliza hakujua ni habari ya duka lipi. Nilimuuliza wanaounda kompyuta wanathamini nini zaidi wanapochagua pawa saplai.

"Inategemea unauliza nani," akasema. "Wengi watakwambia wati. Vijana wa michezo watakwambia taa na rangi. Mimi nauliza kitu kimoja. Hii ikikufa, inakufa peke yake ama inakufa na wengine?"

"Fafanua, Habon."

"Shangazi, kila pawa saplai itakufa siku moja. Ile nzuri, stima ikipanda, inajikata. Inazima, unanunua ingine, mashine yako iko salama. Ile mbaya inapitisha hiyo stima yote mbele, inaua bodi, inaua diski, na ukiwa na bahati mbaya inawaka moto. Kwa hivyo kwanza ni hiyo kinga. Halafu, wati ziwe za kweli, na ziwe za kweli saa nane mchana hapa Isiolo, si kwa ofisi yenye baridi. Halafu mtengenezaji ajulikane, na waranti iandikwe kwa karatasi."

"Na uzito?"

"Uzito ni kitu ya kukushtua tu. Ikiwa nyepesi sana, ogopa. Ikiwa nzito, bado hujajua kitu."

Nikamwambia kuna mtu ameweka simiti. Akasema, "Walahi, huyo alifikiria sana. Akili hiyo yote angeunda kompyuta."

Sasa rudi kwa barua yako mwenyewe. Umeandika, bila kujua umeandika nini, kwamba mume wako alipima kwa mkono halafu akafunga balbu nne na kungoja saa tatu nzima chini ya mabati ya moto. Mtu anayeamini mkono wake peke yake hangojei hata dakika moja. Elijah alijua kwamba mkono ni mlango wa kuingilia tu, na mtihani uko ndani. Kwa mteja mwenye haraka alitoa neno fupi la kukumbuka, na kazi ndefu akaifanya mwenyewe. Wakati alipokuwa hai neno lile lilikuwa salama, kwa sababu nyuma yake palikuwa na zile balbu. Apua amechukua neno, ameacha balbu. Tena alikuwapo miaka tisa, alizishika kwa mkono wake, hawezi kusema hakuziona.

Kuna kosa moja la Elijah, na sitakuficha, kwa sababu umechoka kufichwa. Alifundisha mji mzima dalili moja tu, na mwenye kutaka kudanganya akajua ni dalili ipi ya kughushi. Hilo ni kosa la mwalimu aliyefupisha somo. Si udanganyifu, na asikutie mtu maneno hayo kichwani.

Mimi nimezaliwa Sericho, Mama Akolong, nimekulia katikati ya mifugo, na wewe ni mke wa mtoto wa mfanyabiashara wa mbuzi. Sote tunaujua ule mchezo wa sokoni. Mtu anampa mbuzi chumvi, anamnywesha maji mpaka tumbo linajaa, anamleta akiwa mzito. Mnunuzi akishatapeliwa, je, tulimlaani yule mzee aliyetufundisha kumbeba mbuzi kabla ya kununua? Tulimshika mwenye chumvi. Tena baada ya hapo tukajifunza kuacha tumbo na kushika mgongo. Watu wa Ngaremara hawahitaji kuelezwa hili mara mbili. Ukiwaambia "sanduku limenyweshwa," wataelewa kabla hujamaliza, na hakuna hata mmoja atakayemgeukia Elijah. Hofu uliyo nayo ni ya kuazimwa. Apua alikupa pale kwenye kaunta ili umfanyie kazi ya kunyamaza.

Na yule shemeji yako anayesema zitaharibika baadaye, mwambie baadaye hiyo ina watoto ndani yake.

Haya, sikiliza ya kufanya.

Sanduku lile usimrudishie Apua, hata akikuahidi jipya, hata akija na kaka wa marehemu na mchungaji. Lipige picha likiwa wazi, simiti ionekane, mchanga uonekane, na matundu yale matupu yaonekane. Picha zitume kwa mtu mwingine unayemwamini, zisikae kwa simu moja.

Kesho Jumatano, asubuhi, panda gari uende Ngaremara kwa mwalimu mkuu. Usipige simu. Simu itamfikia Apua kabla ya chai ya saa nne. Nimeuliza, nimeambiwa anaitwa Mwalimu Amran na ni mama asiyependa kuzungushwa, kwa hivyo usianze na habari ya kifo wala ya ukoo. Weka mfuko mezani kwake, toa simiti, mwambie, "Hii ilikuwa ndani ya kompyuta yangu na imeungua. Za shule zimetoka kwa mzigo ule ule, Apua mwenyewe aliniambia." Halafu nyamaza umwache aangalie. Mwombe jambo moja tu: hakuna mashine itakayochomekwa ukutani mpaka masanduku yote kumi yafunguliwe na fundi asiye wa Apua. Habon amekubali kwenda Alhamisi. Wewe usifungue jingine, na wasomaji wengine pia msifungue. Huyu mama aliongozwa na mtu aliyejua, na hata hivyo moyo wangu ulisimama nikisoma.

Baada ya hapo, na si kabla, mwambie Apua. Mwambie mbele ya mwalimu. Ana nafasi moja: aondoe masanduku yote kumi na kuweka mengine yaliyopimwa mbele ya Habon, kwa balbu kama za Elijah, wakati wa joto, na waranti zikiwa zimeandikwa. Halafu afute yale maandishi juu ya mlango wake na kuishusha ile picha ukutani, kwa sababu hana tena ruhusa yako. Akikataa, mfuko huo huo unaenda kituo cha polisi, na mwalimu awe shahidi. Usimpigie kelele. Huwezi, na haihitajiki, simiti inajisema.

Jumamosi nenda. Ukiwa umevaa vizuri, kama Apua alivyokuambia, na useme maneno yako, ila si mawili. Waambie wazazi jinsi mume wako alivyokuwa akipima, mpaka ufike kwa balbu na saa tisa. Waambie mkono hautoshi, na kwamba yeye mwenyewe alijua hautoshi. Hutakuwa umemwumbua. Utakuwa umemaliza somo aliloliacha nusu, na hakuna mwingine hai anayelijua hadi mwisho isipokuwa wewe na yule aliyelificha.

Kisha kuhusu kibao. Kama mashine zimebadilishwa zote kumi na Habon ameridhika, kata utepe, jina libaki. Kama hata moja imebaki na shaka, mwombe Mwalimu Amran akupe ngazi, ukakishushe kibao wewe mwenyewe, mbele ya watu, kabla ya soketi yoyote kuwashwa, ukibebe urudi nacho Kiwanjani. Watoto wanaweza kusoma katika chumba kisicho na jina.